Baridi ya Mbeya na jiko la mkaa chumbani: maswali yanayoulizwa kila mwezi wa sita

Kila mwaka watu wanahamia Mbeya kwa ajili ya chuo, kazi au biashara, wanatoka Dar, Tanga, Morogoro, wanafika na shuka moja na fulana, halafu Juni inawakuta. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi rudi, na la jiko nimelipa nafasi kubwa kwa sababu hilo ndo linaua.

Kwani hii baridi inatoka wapi na inaisha lini?

Jiji liko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na milima imetuzunguka. Mvua zikishakata, mwezi wa tano baridi inaanza, Juni na Julai ndo inakaza, usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10 wakati mchana jua linawaka vizuri tu ila ukiingia kivulini unatetemeka. Agosti na Septemba ni upepo na vumbi, mvua zinarudi kwenye Novemba.

Jiko la mkaa likishashika vizuri halitoi moshi, nikiliingiza chumbani usiku kuna shida gani?

Shida ni kifo, ndugu yangu. Moshi ukiisha haimaanishi sumu imeisha, mkaa unaowaka unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikukohozi, kwahiyo hakuna kitu cha kukushtua, na hata makaa yaliyofunikwa na majivu ambayo unaona kama yanazima bado yanaitoa. Ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, yaani ni kama abiria aliyewahi siti kwenye daladala na hataki kushuka, oksijeni ikija inakuta pameshajaa. Ubongo na moyo vinakosa hewa. Aliyelala anapitiliza usingizini bila hata kugeuka.

Na vyumba vyetu vya kupanga ni vidogo, dirisha limezibwa na pazia zito, chini ya mlango mtu kaweka tambara ili baridi isiingie. Hapo hewa inatokea wapi?

Nikiacha dirisha wazi kidogo, au nikiweka beseni la maji pembeni?

Maji hayanyonyi hiyo sumu, hii imani naisikia sana na inaniuma kwa sababu watu wanalala wakijiona wako salama. Dirisha kidogo nalo usilitegemee, huwezi kujua kiasi gani kinatoka na kiasi gani kinabaki. Jiko likae nje, pikia nje au sehemu yenye hewa ya kutosha, na ukimaliza liache huko huko hadi lizime kabisa. Jenereta pia ni hivyo hivyo.

Nitajuaje kama imeshanipata?

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, unakuwa kama umelewa. Wengi wanadhani malaria au chakula kibaya. Angalia hivi: homa hakuna, mnaumwa kichwa watu kadhaa kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Ukifika hospitali usiache kusema "tulikuwa na jiko ndani", maana kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko vizuri kumbe damu imejaa sumu, kinashindwa kutofautisha, na asipoambiwa hata daktari mzuri anaweza kupitwa.

Nikimkuta mtu kazimia ndani?

Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, usikae mle ndani kuhangaika na jiko maana na wewe utaanguka. Kama hapumui na unajua kumpa huduma ya kwanza anza palepale, mwenzako atafute usafiri. Tiba yake ni oksijeni ya hospitali. Maziwa hayasaidii kabisa, na ukimmiminia mtu aliyezimia yanaweza kwenda kwenye mapafu. Mama mjamzito aliyekuwa mle ndani aende hospitali hata kama anajisikia yuko poa, mtoto tumboni anaumia zaidi yake.

Sasa tujipashe joto na nini?

Nguo nyingi nyepesi juu ya nyingine zinashinda koti moja zito. Sweta na mablanketi ya mtumba yapo soko la Mwanjelwa, soksi na kofia valia hata kitandani, na tandika blanketi moja chini yako kwa sababu baridi nyingi inapanda kutoka chini. Maji ya moto kwenye chupa yanasaidia, ifunge vizuri na uizungushie kanga isikuunguze. Pombe achana nayo, inapeleka damu kwenye ngozi ukajisikia umepata joto wakati mwili unalipoteza, na mlevi kwenye chumba chenye jiko hana hata nafasi ya kushtuka.

Mtoto wangu anakohoa tangu baridi ianze, ni nimonia?

Mafua na kikohozi vinasambaa zaidi kipindi hiki kwa sababu tunajifungia pamoja, na vingi vinaisha vyenyewe. Mama, mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Chini ya miezi 2 zikifika 60, miezi 2 hadi 11 zikifika 50, mwaka 1 hadi 5 zikifika 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, usisubiri kuche. Na chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 msiikose.

Ngozi inapasuka, na pumu yangu imerudi.

Usioge maji ya moto sana, paka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Mwenye pumu tembea na dawa yako ya kuvuta, funika pua na mdomo asubuhi, na upepo wa Agosti ukianza usifagie vumbi kavu, nyunyiza maji kwanza.

Mbeya si hakuna malaria?

Ni kidogo kwa sababu ya baridi na mwinuko, ila haimaanishi haipo, na watu wanashuka Kyela kila wiki kufuata mchele na kakao, kule kwenye Ziwa Nyasa ni chini na kuna joto na mbu wa kutosha. Ukienda lala kwenye neti. Ukirudi ukapata homa, hata wiki mbili tatu baadae, usiseme ni baridi tu imekuingia, nenda kapime na umwambie mhudumu ulikuwa Kyela.