Mashine pepe hujitambulishaje? Yanayodhaniwa na yalivyo kweli

Programu ya usimamizi inapohesabu seva, huiuliza kila mashine pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) swali moja: wewe ni nani? Majibu ni mengi, na kila jibu lina aliyelitoa. Kuna la haipavaiza (programu inayoziendesha mashine pepe), kuna la mfumo endeshi, na kuna lililoandikwa kwa mkono na fundi. Makosa mengi ninayoyaona huanzia pale majibu hayo yanapochukuliwa kuwa kitu kimoja.

"Jina la mashine linatosha." Halitoshi. Jina hubadilishwa kwa amri moja, na hakuna kinachozuia mashine mbili kuitwa jina lile lile. Anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) nayo huaminiwa kupita kiasi, kwa sababu kwenye kadi halisi ya mtandao hutoka kiwandani. Kwenye mashine pepe ni mstari tu wa mipangilio. Inachoonyesha vizuri ni ukoo, yaani haipavaiza iliyoizaa, kwa tarakimu zake za kwanza: 52:54:00 ni desturi ya QEMU na KVM, 00:50:56 na 00:0C:29 ni za VMware, 00:15:5D ni ya Hyper-V.

"Mashine pepe haiwezi kujua kwamba ni pepe." Kwa kawaida inajua, kwa kuiuliza prosesa. Kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD), amri ya CPUID ikiitwa kwa namba 1, biti ya 31 ya rejista ya ECX (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) ikiwa imewaka, kuna haipavaiza chini yako. Ukiita tena kwa 0x40000000 unapata saini ya herufi 12, mfano "VMwareVMware". Hapo umejua aina ya haipavaiza. Mashine yenyewe ni ipi bado hujajua.

"UUID ni moja, kila programu itaiona sawa." Hili limewasumbua wengi. Haipavaiza huiweka UUID (namba ya kipekee ya mashine) yenye biti 128 ndani ya jedwali la SMBIOS (taarifa za mashine ambazo mfumo endeshi husoma), na hilo ndilo jibu zuri kuliko mengine: hubaki lile lile mashine ikihamishwa kutoka mwenyeji mmoja hadi mwingine. Tatizo ni mpangilio wa baiti. Tangu toleo la 2.6, SMBIOS husema wazi kwamba baiti za sehemu tatu za kwanza huhifadhiwa kinyumenyume. Basi programu moja itakuonyesha

00112233-4455-6677-8899-aabbccddeeff

na nyingine

33221100-5544-7766-8899-aabbccddeeff

Ni mashine ile ile. Tazama vizuri: nusu ya pili haikuguswa. Orodha yako ikiwa na mashine mbili zinazofanana mkia namna hii, usifute chochote kabla hujazigeuza baiti. Jambo jingine: kwenye Linux, faili la /sys/class/dmi/id/product_uuid husomwa na root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) peke yake. Ajenti (programu ndogo ya usimamizi iliyo ndani ya mashine) isiyo na ruhusa hiyo itakimbilia kitambulisho kingine, na hapo orodha inaanza kuchafuka.

"Nakala huzaliwa na utambulisho mpya." Sehemu tu. Haipavaiza huweza kuipa nakala UUID na MAC mpya, lakini haigusi kilichomo ndani ya diski. Washa mashine mbili zilizotoka kwenye kiolezo kimoja (mashine ya mfano inayonakiliwa), uandike `cat /etc/machine-id` (amri ya kusoma faili la namba ya utambulisho ya Linux) katika kila moja. Kama kiolezo hakikusafishwa, utaona herufi 32 zile zile pande zote mbili. Madhara yake hayaishii kwenye orodha. systemd-networkd (huduma ya mtandao ya Linux) kwa kawaida hutumia namba hiyo kujitambulisha kwa seva ya DHCP (inayogawa anwani za IP), hivyo mashine mbili zenye MAC tofauti huweza kupewa anwani moja ya IP. Mtu anahangaika na swichi siku nzima, kumbe kosa liko kwenye faili la mstari mmoja.

Dawa ni kuliacha faili hilo tupu kabla ya kufunga kiolezo. Namba mpya hutengenezwa mashine inapowaka. Angalia na /var/lib/dbus/machine-id: ikiwa ni faili linalojitegemea lenye namba ya zamani, systemd (programu inayowasha huduma za Linux) huinakili kutoka humo, na umerudi ulikotoka. Funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) za seva nazo hunakiliwa vivyo hivyo, zifute pia.

"Mashine ikijitaja, iaminiwe." Yote niliyoyataja ni madai, mwenye root ndani anaweza kuifanya ajenti iseme chochote. Kwenye wingu la AWS (la Amazon) kuna njia bora: kupitia anwani ya 169.254.169.254 mashine hupata hati ya utambulisho iliyotiwa saini na mtoa huduma, si na mashine. Saini huthibitisha kwamba hati ni ya kweli, ila haithibitishi kwamba anayeileta ndiye mwenyewe, maana hati huweza kunakiliwa. Kwa hiyo kabla ya kusajili, uliza API (mlango wa kuulizia wa programu) ya mtoa huduma kama mashine yenye namba hiyo inaendesha kazi sasa hivi, kisha kataa namba iliyokwisha kusajiliwa.