"Vitaoza tu": kuhusu maganda, mafuta ya kukaangia na mitaro ya Mwanza

Nilialikwa tena katika mtaa mmoja wa milimani hapa Mwanza kuzungumza na familia kuhusu kulitunza Ziwa Victoria kuanzia nyumbani. Kabla sijamaliza kusalimia, mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba suala la plastiki wamekwisha kulielewa, na kwamba kinachoingia mtaroni siku hizi ni vitu vya asili tu, maganda, majivu na maji ya vyombo, ambavyo vitaoza tu. Nilimwamkia, kisha nikamwambia kwamba huko kuoza ndiko kulikonileta.

Sina ugomvi na vita dhidi ya plastiki. Marufuku ya mifuko, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa ya lazima. Kwa bahati mbaya imetuachia dhana kwamba kinachochafua maji ni kile kisichooza. Sisi tunaopima maji tunaliona jambo hili kwa upande mwingine: mfuko unaoelea ni kero na unaweza kumuua kiumbe, lakini hautumii oksijeni. Ganda la ndizi linatumia, kwa sababu bakteria wanaoliozesha wanapumua, na hewa wanayopumua ndiyo hiyo hiyo anayoitegemea sato.

Chukueni kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki. Ni gramu 13 hivi. Ili yaoze yakaisha, yanahitaji oksijeni ya gramu 35 hadi 40. Sasa, kwenye mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita, hata yakiwa yamejitosheleza. Pigeni hesabu: kijiko hicho kinaweza kumaliza oksijeni yote ya simtanki ya lita 5,000. Ni kweli kwamba ziwani oksijeni hurudi kutoka hewani kila mawimbi yanapopiga, kwa hiyo hesabu yangu ni ya tangi lililofunikwa. Hata hivyo inaonyesha jambo ambalo macho hayalioni, kwamba sufuria moja ya mafuta ni mzigo mkubwa kuliko ndoo nyingi za maji yenye matope.

Hapo hunijia jibu ninalolijua kwa moyo: ziwa ni kubwa. Ndiyo, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, linagusa nchi tatu, na hakuna familia itakayolijaza kwa maganda. Lakini mtaro wako haumwagi katikati ya ziwa. Unashuka kwenye majabali, unaingia kwenye kijito au katika Mto Mirongo unaokatiza mjini, kisha unaishia ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi ambayo hayachanganyiki haraka na yale ya mbali. Mtaro huo ni wa maji ya mvua. Hauna uhusiano na bomba la majitaka wala mabwawa ya kuyasafisha. Palipo na oksijeni kidogo, kambare na kamongo hustahimili, maana wana namna ya kuvuta hewa ya juu. Sangara hana, naye ndiye anayewalisha wengi wetu kwa njia moja au nyingine.

Kuoza pia huachia nitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea. Hii ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi, kwa kuwa sayanobakteria, wale wanaoyapa maji ya ghuba ile rangi ya kijani kibichi siku za utulivu, wengine wao hujitwalia nitrojeni kutoka hewani na kwa hiyo hungoja fosforasi tu. Baadhi yao hutoa sumu. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo maji ya kijani yaachwe yalipo.

Majivu, basi, ambayo kila mtu huyatetea kwa kuwa ni ya asili na bibi aliyatumia kusugulia sufuria? Yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi. Shambani ni mali. Mtaroni ni mbolea inayopelekwa kwa magugumaji. Sabuni sitaisema sana: ya mche kwa kawaida haina fosfeti, yaani fosforasi ya sabuni, za unga zinatofautiana, someni pakiti na mpunguze kipimo. Na anayetapisha choo wakati wa mvua anajua anachofanya.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vyetu havilisemi. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani, pamoja na vumbi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, na nyingine huja na udongo unaosombwa na mito. Kwa hiyo sina hakika kwamba jiko la mtu mmoja linabadilisha chochote kwa ziwa zima, na sipendi kuwaahidi watu hivyo. Kwa ufuko ulio chini ya mtaa wenu, ambako watoto wanaogelea, nina hakika ya kutosha kuendelea kusema. Fosforasi hiyo ya angani ndiyo inayonifanya nikatae ushauri wa kuchoma takataka uani, kwani moshi nao utatua mahali.

Mafuta ya kikaango yapanguseni kwa karatasi au kwa ukoko wa ugali kabla ya kuosha. Maganda na matumbo ya samaki yawe na ndoo yake yenye kifuniko. Mwenye kuku au nguruwe amekwisha kupata ufumbuzi. Asiye na mifugo wala uwanja, na milimani wengi hatuna, atumie kiroba chenye matundu: tabaka la maganda, kisha majani makavu mara mbili yake, na majivu kiasi. Kikinuka, ongezeni makavu. Matumbo ya samaki na ugali msiweke humo, panya watahamia. Yafukieni kwenye udongo. Kiroba chenyewe kikae juu ya udongo na kifunikwe kwa turubai. Kikiwekwa juu ya jabali tupu, mvua za masika zitapita ndani yake na kuteremsha mchuzi wote mtaroni, na hapo mtakuwa mmehangaika bure.