Je, wajua kwa nini jirani mwenye dishi hushangilia goli kabla yako?

Jumamosi jioni, ligi ya Uingereza inachezwa, na wewe umetulia sebuleni kwako Tudor, Mombasa. Mshambuliaji hata kwenye boksi hajaingia, mara kelele zinapasuka nyumba ya pili: "Goooli!" Unabaki kumtazama akija kufunga goli ambalo habari yake umeshaipata. Jirani ana dishi juu ya paa. Wewe unatumia kebo, au unatazama kwa simu. Mechi ni ile ile, na hakuna awezaye kuiona kabla haijachezwa. Hizo sekunde zako zimeliwa na nani?

Ukifikiria haraka, utasema dishi ndilo lingefaa kuchelewa. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwenye kimo hicho setilaiti huzunguka kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo ukiwa Mombasa inaonekana haisogei, na fundi akishalifunga dishi hana haja ya kurudi kuligeuza liifuate. Safari ni ndefu, lakini mawimbi ya redio hukata karibu kilomita laki tatu kwa sekunde. Kupanda na kushuka kote ni kama robo sekunde. Robo sekunde haimtoshi mtu hata kufungua mdomo ashangilie.

Muda huliwa na mashine. Picha ya mechi ni data nyingi mno, lazima ibanwe ndipo ienee hewani pamoja na chaneli nyingine. Mashine ya kubana hungoja picha kadhaa zifike, izilinganishe, ione ni kipi kimebadilika (mpira, miguu ya wachezaji) na kipi kimebaki vile vile (nyasi, mabango). Dekoda yako nayo hufanya kazi hiyo kinyume. Hapo zimeshakwenda sekunde kadhaa. Mwenye dishi hulipa ushuru huo mara moja. Mwenye kebo mara nyingi huulipa mara mbili, kwa sababu kebo, ukiichunguza vizuri, ni dishi la mtu mwingine.

Kampuni ya kebo haina mashine ya kutengeneza chaneli za dunia nzima. Ina kituo chake chenye madishi makubwa na nyaya za faiba. Hupokea chaneli nyingi kutoka setilaiti kama unavyopokea wewe, huzifungua, pengine huzibana upya kwa kipimo cha mtandao wake, halafu huzisukuma kwenye waya unaopita nguzo kwa nguzo hadi ukutani kwako. Ndivyo biashara hii ilivyoanza. Mwaka 1948, kwenye miji ya Marekani iliyozibwa na milima, watu waliweka antena moja kubwa mlimani na kuteremsha waya kwenye nyumba za bondeni. Mwaka 1975 HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, ikalirusha pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier, lililopiganwa Manila, kupitia setilaiti hadi kwenye mitandao ya kebo. Wateja walidhani wanatazama waya. Walikuwa wanatazama anga.

Anayetazama kwa intaneti ndiye wa mwisho kabisa kupata habari. Huko mechi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na programu ya simu hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha cha kwanza, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Akiba hiyo inaweza kufika nusu dakika. Kwa tamthilia haina neno. Kwa penalti, zima simu au hamia kwa jirani.

Basi dishi limeshinda? Ngoja Mei ifike. Masika ikimwaga Mombasa, dishi ndilo la kwanza kunyamaza. Picha huvunjika vipande, sauti hukwaruza, kisha kwenye kioo kinakuja kile kisanduku cha E48-32, yaani mawimbi hayapatikani, ambacho mteja yeyote wa DStv anakijua. Si upepo wala si wingu. Ni tone la mvua lenyewe. Madishi madogo ya nyumbani hupokea mawimbi yenye urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya mawimbi ya namna hiyo kabla hayajafika. Kituo cha kebo nacho kinanyeshewa, lakini dishi lake ni kubwa maradufu, na mara nyingi husikiliza mawimbi marefu zaidi, ya sentimita saba hivi, ambayo mvua haiyajali sana. Kutoka pale ni waya tu, na waya haujui kama nje kunanyesha, ila maji yakiingia kwenye viungio.

Katika hili sisi wa Mombasa tuna bahati ambayo watu hawaizungumzii. Tazama dishi la DStv lililofungwa mtaani kwako: limelala chali, utadhani linaota jua. Setilaiti linayoitafuta iko nyuzi 36 mashariki, na Mombasa iko karibu na nyuzi 40 mashariki, nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Maana yake setilaiti iko karibu utosini, kwenye pembe ya nyuzi 83 au 84 kutoka upeo wa macho. Dishi la Azam linaangalia setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, ndiyo maana limeinamia magharibi, kwenye nyuzi 52 hivi. Mawimbi yanayoshuka wima hupita kwenye mvua kwa njia ya mkato. Yanayokuja kwa mshazari huongeza kama robo ya safari ndani ya mvua ile ile. Mtazamaji wa London, ambaye dishi lake linachungulia setilaiti iliyo chini karibu na mapaa ya majirani, hana raha hiyo.

Hata hivyo, dishi lolote, popote lilipo, lina gharama yake. Mara mbili kwa mwaka, katika siku chache za Machi na Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti. Jua nalo hutoa mawimbi ya redio, na kelele yake huifunika sauti ndogo ya setilaiti. Kwa dishi la nyuzi 36 hapa Mombasa hutokea kati ya saa sita na saa saba mchana, kwa dakika chache, anga likiwa halina hata wingu. Usimwite fundi. Atakuja, atapanda, atazungusha skrubu, picha itarudi yenyewe, na utamlipa.

Fundi aitwe kwa mambo mawili mengine. La kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari hula skrubu, mkono wa dishi na ncha ya waya pale unapoingia LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi), na kutu hiyo hupunguza mawimbi polepole hata usitambue mpaka mvua ndogo tu ianze kukukatia. La pili ni kunguru. Dishi la sentimita 90 huona anga kwa upana wa nyuzi mbili hivi. Likisogezwa uzi mmoja, nguvu ya mawimbi hushuka kama nusu. Kunguru watatu wakigombania mkono wa LNB ambao nati zake zimelegea, huo uzi mmoja si mbali.

Kwa stima, mizani inageuka tena. Ukiwa na jenereta au betri na sola, dishi litaendelea mtaa mzima ukiwa giza, kwani linahitaji umeme wa nyumbani kwako tu. Kebo inategemea pia vikuza-mawimbi njiani, navyo vinakula umeme wa mtaa. Betri zake zikiisha, jenereta yako itaendesha televisheni isiyo na cha kuonyesha.

Mimi ningemwambia mwenye nyumba yake Likoni, mwenye paa na nafasi, afunge dishi na akaze nati. Mpangaji wa ghorofa ya tatu, ambaye mwenye nyumba hataki madishi ukutani na intaneti anaihitaji hata hivyo, waya mmoja wa kuleta vyote utamfaa, mradi kampuni imefika mtaa huo, kwa sababu nyaya hufuata penye nyumba nyingi zilizobanana. Na kabla ya kuweka sahihi, panda ngazi umuulize wa ghorofa ya juu anayetumia waya huo huo: stima ikipotea, picha yake hukaa kwa muda gani?