Dawa hazikutani tumboni tu

Wiki hii nimeisikia tena. Mgonjwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni, amepata fangasi kwenye umio, na muuguzi aliyemwona amemwandikia flukonazoli, dawa ya fangasi, kila asubuhi kwa siku 14. Nikapiga simu kuuliza INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, itapimwa lini. Nikajibiwa kwa upole kabisa: "Usijali, nimezitenganisha. Zinapishana saa 12."

Nimeacha kuhesabu ni mara ngapi nimeambiwa hivyo, na wauguzi wazoefu, na madaktari vijana, hata na wafamasia wenzangu. Nimezitenganisha. Kana kwamba dawa ni watu wawili waliogombana, wasipokutana mlangoni basi hakuna neno. Nawaheshimu sana wauguzi wanaoandika dawa, kwa sababu ndio wanaobaki na mgonjwa baada ya wengine kuondoka. Kwa hiyo naomba tulimalize hili leo.

Kutenganisha saa kunasaidia pale tu dawa zinapokutana ndani ya utumbo. Antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini zikikuta chuma, kalsiamu, magnesiamu, alumini au zinki, zinashikamana nayo na hazifyonzwi, dozi inaishia chooni. Hapo panga saa: siprofloksasini imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada. Levothairoksini, homoni ya tezi ya shingoni, iachane na chuma na kalsiamu kwa saa 4. Dolutegraviri, dawa ya VVU, na antiasidi (dawa za kupunguza asidi ya tumbo) zenye magnesiamu au alumini, saa 2 kabla au 6 baada. Haya mnayajua, na nadhani ndiyo yaliyotuharibia akili. Tulijifunza kanuni moja nzuri, tukaibeba kila mahali.

Wafarini na flukonazoli hazigombani tumboni. Zote mbili zinafyonzwa vizuri sana. Shida iko kwenye ini, kwenye kimeng'enya CYP2C9 kinachovunja sehemu ya wafarini yenye nguvu zaidi. Flukonazoli inakizuia kimeng'enya hicho, wafarini inajaa mwilini, na flukonazoli yenyewe inahitaji kama saa 30 ili nusu yake iondoke mwilini. Wafarini inahitaji kama saa 40. Sasa niambie, ni saa ipi ya siku ambayo mgonjwa huyu ana moja tu kati ya hizo kwenye damu? Hakuna. Saa ya kumeza ni tukio la sekunde chache; dawa iko mwilini usiku na mchana.

Kinachofaa kupangwa hapa ni INR, siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kuanza, kisha tena. Je, dozi ya wafarini ipunguzwe mapema, au tusubiri kipimo? Nimefanya yote mawili. Kwa mgonjwa anayeweza kurudi kupimwa kwa uhakika, mara nyingi nasubiri. Kwa yule ambaye huenda asirudi, napunguza, na kila mara nabaki na hofu kwamba nimemwacha bila kinga ya kutosha dhidi ya damu kuganda. Jedwali la kitabuni halina safu ya hofu hiyo.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Yenyewe haizuii vimeng'enya, inalichochea ini kutengeneza vingi zaidi. Kazi hiyo inachukua wiki moja hadi mbili kufika kileleni, na ikishafika, ini linavunja dawa nyingine kwa kasi hiyo hiyo saa zote, uwe umemeza alfajiri au usiku wa manane. Ndiyo sababu dolutegraviri ya mg 50 inatolewa mara 2 kwa siku mgonjwa akiwa kwenye rifampisini. Nimewahi kuona mtu amebaki na mara 1, akaandika pembeni "apishanishe na rifampisini saa 12". Mwandiko safi, nia safi, na virusi vinapata nafasi ya kuzoea dawa.

Na mama mwenye kijiti cha uzazi wa mpango, akianza rifampisini, utatenganisha nini na nini? Kijiti kiko chini ya ngozi, hakina saa ya kumezwa. Homoni inatoka kidogo kidogo, na ini lililochochewa linaivunja kidogo kidogo. Mwambie mapema, mzungumze kuhusu kitanzi cha shaba au sindano ya miezi 3, ambazo hazitikiswi hivyo. Asije kuligundua hilo kwa kipimo cha mimba.

Klarithromaisini (antibiotiki) na simvastatini (dawa ya kolesteroli): simamisha simvastatini mpaka antibiotiki iishe. Klarithromaisini inakiharibu kabisa kimeng'enya CYP3A4 kinachovunja simvastatini, na mwili unahitaji muda kutengeneza kingine. Juisi ya balungi inafanya jambo kama hilo kwenye ukuta wa utumbo, na athari yake inavuka siku. Kuinywa asubuhi na kumeza simvastatini usiku hakumwokoi mtu.

Lisinoprili, spironolaktoni na kotrimoksazoli kwa mgonjwa mmoja: kila moja inaizuia figo kutoa potasiamu kwa njia yake. Hazihitaji hata kuonana. Pima potasiamu.

Kuna mbili zinazoikorofisha hata kanuni yangu mwenyewe. Ya kwanza ni aspirini na ibuprofeni. Aspirini ya kawaida inapita kwenye damu haraka, inaifunga COX-1, kimeng'enya cha chembe sahani zinazogandisha damu, moja kwa moja, kisha inatoweka. Ibuprofeni ikitangulia, inakaa mlangoni kwa muda, aspirini inakosa pa kushika, na moyo uliokuwa unalindwa haulindwi. Haya hayatokei tumboni, yanatokea kwenye damu, na bado saa zinasaidia: ibuprofeni angalau dakika 30 baada ya aspirini, au aspirini zaidi ya saa 8 baada ya ibuprofeni. Ushauri huo ni wa aspirini isiyo na ganda la kuilinda tumboni. Kwa hiyo nisisikie mtu akisema nimefundisha kwamba saa hazina maana nje ya utumbo. Lakini ratiba hiyo inaokoa kazi ya aspirini pekee. Hatari ya kidonda cha tumbo kutoka damu iko pale pale, na figo nazo hazisomi ratiba. Mgonjwa anayetaka ibuprofeni mara 3 kila siku kwa miezi, mimi natafuta dawa nyingine ya maumivu.

Ya pili ni seftriaksoni na kalsiamu kwa njia ya mshipa, ikiwemo dripu ya Ringer; zikikutana zinagandana. Kwa mtu mzima unaweza kuzitoa kwa kufuatana, mradi mrija usafishwe vizuri katikati. Kwa mtoto mchanga wa siku 28 au chini anayehitaji dripu yenye kalsiamu, seftriaksoni haitolewi. Usiniambie utaweka kanula mbili, usiniambie utasubiri. Chagua antibiotiki nyingine.

Hata pale saa zinaposaidia, nimeanza kuwa na mashaka na ratiba zetu. Mgonjwa mwenye dawa 7 tunamwandikia: hii saa 2 kabla, hii saa 4 baada, hii tumbo tupu. Akifika nyumbani anaacha mbili ili apumue. Dolutegraviri na vidonge vya chuma au kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja, iwapo anakula chakula wakati huo huo, na kwa wagonjwa wengi hilo naona ni bora kuliko hesabu ya saa. (Antiasidi hazimo katika ruhusa hiyo.) Kwa levothairoksini, mgonjwa anayeshindwa na saa 4 wakati mwingine namwachia mpangilio wake, ili mradi ni ule ule kila siku, kisha napima TSH (kipimo cha damu cha kazi ya tezi) baada ya wiki 6 na kurekebisha dozi. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na nawaelewa.

Yule mgonjwa wa wafarini tulimpima siku ya 4. INR ilikuwa 6.1, juu mno. Hakuwa anatoka damu, tukasimamisha wafarini kwa siku mbili na kuirudisha kwa dozi ndogo. Muuguzi aliyemwandikia ndiye aliyekaa naye kumweleza dalili za kuangalia, na alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Kwenye faili tumeandika kwa kalamu nyekundu siku ambayo flukonazoli inaisha, na kipimo kingine cha INR wiki moja baada ya hapo, kwa sababu kimeng'enya kitaachiwa na ile dozi ndogo haitamtosha tena.