Askofu kabla ya Kanisa

Athene, mwaka 414 K.K., sikukuu ya mungu Dionysos. Jukwaani inachezwa tamthilia ya Aristophanes iitwayo Ndege. Waathene wawili waliochoshwa na kesi za mjini kwao wameungana na ndege kujenga mji angani, na kabla ukuta haujaisha wageni wa kila aina wameshaanza kubisha hodi: mshairi anayetaka zawadi, mtabiri, mpima ardhi. Kisha anaingia bwana mmoja mwenye kujiona, amebeba vyombo viwili vya kupigia kura, anauliza wako wapi wenyeji wa kumpokea. Anajitambulisha: amechaguliwa kwa kura ya maharage, yaani kwa bahati nasibu, ametumwa kutoka Athene awe episkopos wa mji huu mpya. Mwenye mji anamuuliza kama yuko radhi achukue malipo yake arudi kwao bila matata. Anakubali upesi. Malipo anayopewa ni kipigo.

Huyo episkopos ndiye askofu wetu. Ninamaanisha neno lenyewe, lile lile, lililopita midomo ya mataifa mengi mpaka likafika Pwani. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale, na katika vyeo vyote ninavyokutana navyo humo, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine. Archon, mkubwa wa Athene ambaye mwaka mzima uliitwa kwa jina lake, amebaki vitabuni. Efori, ofisa mkuu wa Sparta, kadhalika. Episkopos bado anaitwa, bado anapokewa na watu barabarani, na watu wengi wanaomwita hawajui kwamba alikuwa mtumishi wa serikali karne nyingi kabla ya kuvaa kofia ya ibada.

Neno limeundwa na vipande viwili: epi, yaani "juu ya", na skopos, mtu anayetazama kwa makini, kama mlinzi aliye mnarani. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, halikuwa cheo. Katika Iliad, Hektor anapokabiliana na Achilleus anataka waapiane, na miungu ndiyo itakayokuwa mashahidi na episkopoi (ndio wingi wa episkopos) wa makubaliano yao. Katika Odyssey linashuka mpaka bandarini. Odysseus anatukanwa kwamba hafanani na mwanamichezo, anafanana na nahodha wa wafanyabiashara, mtu wa kukumbuka shehena na kuwa episkopos wa mali ya njiani. Mtu wa Pwani aliyesikia habari za majahazi atamtambua mara moja: huyo ni karani wa chombo, yule anayehesabu magunia yasipungue.

Cheo kilizaliwa pamoja na dola ya Athene. Mwaka 478 K.K. miji ya Wagiriki iliungana dhidi ya Waajemi, Athene ikiwa kiongozi. Mwaka 454 hazina ya umoja huo ilikuwa imeshahamishwa kutoka kisiwa cha Delos kwenda Athene, na washirika wakawa walipa kodi. Sasa kodi ina tabia yake: lazima awepo wa kutazama nani analipa, na nani anakula njama.

Hapo ndipo linapoingia tamko moja la Waathene kuhusu Erythrai, mji uliokuwa ng'ambo ya kisiwa cha Chios, leo ni pwani ya Uturuki. Jiwe lenyewe limepotea. Tunalisoma kwa nakala iliyochorwa na Fauvel, konsuli wa Ufaransa mjini Athene, tena ina mapengo mengi, na wataalamu bado wanabishania mwaka wake, ingawa wengi huliweka miaka ya 450 K.K. Kinachosomeka kinatosha. Erythrai itakuwa na baraza la watu 120, wachaguliwe kwa kura ya maharage, asiwemo aliye chini ya miaka 30. Baraza la kwanza litasimamishwa na episkopoi pamoja na mkuu wa kikosi cha Waathene kilichowekwa pale. Mabaraza yatakayofuata yatasimamishwa na baraza linalomaliza muda, pamoja na mkuu huyo huyo wa kikosi.

Angalia hapo. Baada ya baraza la kwanza episkopoi hawatajwi tena katika kazi hiyo. Askari ndiye anayebaki. Kwa hiyo episkopos hakuwa gavana wa kudumu. Alikuja, akapanga mambo, akaondoka. Wale wajumbe wa baraza waliapishwa kwamba hawataasi dhidi ya watu wa Athene wala washirika wao, wala hawatawapokea waliokimbilia kwa Waajemi bila ruhusa ya Athene. Ukikisoma kiapo hicho polepole unaelewa kwa nini watazamaji wa Aristophanes walitambua vile vyombo viwili vya kura mara tu vilipoingia jukwaani. Ndivyo demokrasia ilivyopelekwa kwa washirika: imebebwa mkononi na mkaguzi.

Hata Wagiriki wenyewe hawakulipenda jina. Theophrastos, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kwamba Wasparta walichagua vizuri zaidi walipowaita watu wao waliowatuma mijini harmostai, yaani wapatanishi au watengenezaji, kuliko Waathene waliosema episkopoi na walinzi. Kwa matendo harmostai hawakuwa wapole hata kidogo, lakini Theophrastos alikuwa anahukumu jina tu, na kwa hilo nakubaliana naye. Ni vigumu kumpenda mtu ambaye cheo chake chote ni kukutazama.

Dola ya Athene ilivunjika mwaka 404 K.K. Neno halikufa. Lilipoa. Kisiwani Rhodes, karne kadhaa baadaye, mawe yanaorodhesha episkopoi miongoni mwa maofisa wa kawaida wa mji. Wayahudi wa Aleksandria walipoyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki walilitumia kwa majemadari katika kitabu cha Hesabu, na kwa wasimamizi wa Yerusalemu katika Nehemia. Isaya 60:17, kwa Kigiriki hicho, Mungu anaahidi kuwapa watu wake archontes (wingi wa archon) katika amani na episkopoi katika haki. Vyeo viwili vya serikali, bega kwa bega.

Mwishoni mwa karne ya kwanza kanisa la Roma liliandika barua kwa Wakorintho, ile inayoitwa ya Klementi, ikitumia mstari huo huo kama ushahidi. Lakini katika barua maneno yamegeuka: episkopoi katika haki, na mashemasi katika imani. Archontes wametoka, mashemasi wameingia. Sijui mahali pengine ambapo unaweza kuona cheo kikihama kutoka ikulu kwenda kanisani waziwazi namna hiyo, ndani ya nukuu moja.

Safari hiyo ilikuwa imeshaanza kwa Paulo. Katika Matendo 20 yuko Mileto, anawaita wazee wa kanisa la Efeso, kisha anawaambia Roho Mtakatifu amewaweka kuwa episkopoi wa kundi. Mileto na Efeso ziko pwani ile ile ya Erythrai, na zote mbili ziliwahi kulipa kodi kwa Athene. Katika maneno ya Paulo mzee na episkopos ni mtu yule yule. Ni Ignatio wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili, anayesisitiza kwa nguvu kwamba kila kanisa liwe na episkopos mmoja, na wazee wawe chini yake.

Kutoka hapo Walatini wakasema episcopus, na lugha nyingi za Ulaya zikapata yao. Upande wetu njia ilikuwa nyingine. Wakristo wa Shamu walilichukua kwa Kisiria, na Waarabu wakalipokea kutoka kwao: mwanzo ukakatwa, sauti ya p ambayo Kiarabu hakina ikawa f, likatoka usquf. Waliosoma sira ya Mtume Muhammad wanakumbuka ujumbe wa Wakristo wa Najrani uliokwenda Madina. Ndani yake alikuwemo Abu Haritha, na ndivyo anavyotajwa, usquf wao. Kiswahili kikalimalizia kwa irabu, kikalipa wingi wake, maaskofu, na likakaa karibu na kasisi na shemasi, ambayo nayo yametufikia kwa Kiarabu.

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union walikutana na neno hili zaidi ya mara moja na hawakulifasiri namna moja. Wafilipi 1:1 na Timotheo wa Kwanza 3 wameandika askofu. Matendo 20:28, pale Mileto, wameandika waangalizi. Na Petro wa Kwanza 2:25 Kristo mwenyewe anaitwa Mwangalizi wa roho. Ukiwa na Biblia yako karibu, fungua pia Tito 1, aya ya 5 hadi ya 7: Paulo anaanza kwa wazee wa kuwekwa katika kila mji, na bila kubadilisha habari anaendelea na askofu.