Pilipili haitoboi tumbo

"Docta, pilipili niliisha acha, lakini tumbo ingali inaniuma tu."

Wiki hii nimeyasikia maneno hayo mara nne. Wa mwisho alikuwa mama anayebeba mizigo mgongoni kutoka soko la Kadutu, mjini Bukavu. Miaka miwili anakula bugali na sombe bila pilipili, huku watoto wake wakichovya kwenye kisahani pembeni yake. Nilimuuliza anameza dawa gani. Akafungua fundo la kitenge: diclofenac, vidonge viwili kila siku kwa ajili ya mgongo, vilivyonunuliwa farmasi bila karatasi ya munganga. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali hilo. Wote walimwambia aache pilipili.

Pilipili haileti vidonda vya tumbo. Vidonda vingi vina chanzo kimoja kati ya viwili. Kwanza kuna bakteria iitwayo Helicobacter pylori, ambayo wengi wetu tuliipata utotoni, kwa mdomo, ndani ya nyumba zetu wenyewe. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren waliitambua huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati madaktari wenzao walikuwa bado wanalaumu mawazo na chakula. Mwaka 1984 Marshall aliinywa mwenyewe, na siku chache baadaye akashikwa na gastriti, yaani uvimbe wa ukuta wa tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Ni zaidi ya miaka 40 tangu ugunduzi huo, na mgonjwa wangu bado ananyimwa pilipili badala ya kupimwa.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu: diclofenac, ibuprofen, aspirin. Ukuta wa tumbo hujilinda kwa ute, na dawa hizi hupunguza kinga hiyo, hata ukiwa umekula. Yule mama alikuwa anajitengenezea kidonda kila jioni, kidonge kwa kidonge, akidhani anajitunza. Mgongo ukiuma, anza na paracetamol, na mweleze anayekutibu kwamba tumbo lako ni bovu.

Najua dhana hii inatoka wapi. Pilipili inawaka mdomoni, basi mtu anafikiri huko chini nako inaunguza. Lakini kapsaisini, ile kemikali yake kali, haichomi nyama. Inaamsha neva zile zile zinazohisi moto. Mwaka 1997 kikundi cha mtafiti David Julius kiliipata protini ya neva inayofanya kazi hiyo, naye akapata Nobel mwaka 2021. Unachosikia ni taarifa ya moto mahali pasipo na moto.

Mwenye kiungulia, au ambaye tayari ana kidonda, anaweza kusikia maumivu zaidi akila pilipili. Huyo apunguze, sina ubishi. Ila kupunguza si kutibu. Bakteria inatibiwa kwa antibiotiki mbili pamoja na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa kawaida siku 14, na anayeacha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu ananirudia hali ikiwa ngumu zaidi. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu hemoroide, yaani bawasiri, ni vilevile. Zinaletwa na choo kigumu, kujikamua na ujauzito. Pilipili itakuchoma ukiwa na mpasuko njia ya haja kubwa, lakini haikukupa ugonjwa. Kula lengalenga, kula maharagi, kunywa maji.

Mbegu nazo zinasingiziwa kwamba ndizo zenye ukali. Ukali umejaa kwenye utando mweupe unaozishika, kwa hiyo anayetaka kupunguza moto atoe utando huo. Na mdomo ukiwaka, maji hayasaidii, kwani kapsaisini haiyeyuki ndani yake. Chukua maziwa. Mimi nashauri pilipili iivie kwenye mawese pamoja na sambaza, wale samaki wadogo, ambapo mafuta yanausambaza ukali mahali pote, kuliko kutafuna mbichi.

Kuna wanaoniambia pia kwamba pilipili ni mmea wa babu zetu tangu mwanzo. Ulitoka Amerika, ukavuka bahari na Wareno baada ya mwaka 1492. Hata jina lake tumelipokea: Waajemi na Waarabu waliita pilipili manga kwa jina linalofanana na hilo. Hilo haliipunguzii pilipili heshima mezani kwetu.

Dhana ninayoiogopa kweli ni ya kumpiga mtoto lavema ya pilipili, yaani kumwingizia maji yake kwa njia ya haja kubwa, ili kutoa minyoo au kushusha homa. Utumbo wa mtoto ni laini, maumivu yake ni makali, na akiharisha maji yanamwishia haraka. Minyoo haifi kwa njia hiyo. Kidonge cha mebendazole kinaimaliza, na mtoto mwenye homa apimwe malaria kabla hujamtia chochote mwilini.