Kwa nini mvua juu ya mabati humlaza mtoto mmoja na kumliza mwenzake?

Katika kambi za polisi hapa Uganda kuna vibanda vya mabati ambavyo watu huviita "mama ingia pole". Mlango ni mfupi, chumba ni kimoja, na ukiingia kwa pupa unagonga kichwa. Mimi nimekulia katika kimoja. Dada yangu aliolewa na koplo, naye sasa analea watoto wake watatu katika kingine. Mvua ya Aprili ikishuka juu ya lile bati, mazungumzo hukoma na redio huzimwa, maana hakuna anayeisikia. Mtoto wa kwanza na wa mwisho hulala fofofo. Wa katikati, mvulana wa miaka sita, hupiga mayowe, huziba masikio, kisha huinua godoro na kujipenyeza chini yake huku ndugu zake wakiwa juu. Usidhani ni uvungu wa kitanda. Ni chini ya godoro lenyewe.

Majirani walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema ni majini. Mwingine alisema mama yake amemdekeza. Wa tatu, mwanamume, alimshauri shemeji yangu amchape mara moja tu, ataacha. Swali lenyewe halikuulizwa na mtu: bati ni moja, mvua ni moja, tumbo lililowazaa ni moja, iweje huyu peke yake aumie? Na kwa nini akimbilie godoro?

Tuanze na milango. Shuleni tulikariri milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hesabu hiyo ina upungufu, kwani mitatu haionekani usoni. Wa sita umefichwa ndani kabisa ya sikio, vijifereji vitatu vilivyopinda kama pete na kujaa majimaji, pamoja na vijifuko viwili kando yake, vinavyoujulisha ubongo kichwa kimeinama wapi na kinazunguka kwa kasi gani. Wa saba umetawanyika katika misuli, kano na viungo. Kwa huo unaweza kula posho, yaani ugali, gizani umeme ukikatika, na tonge likafika mdomoni bila kupitia shavuni. Wa nane unasikiliza mambo ya ndani: njaa, kiu, kibofu kilichojaa, moyo unaodunda.

Milango yote minane huingiza habari usiku na mchana, na nyingi ya habari hizo hazina maana. Kwa hiyo ubongo huweka askari getini. Mgeni akija mara ya kwanza husimamishwa na kuulizwa jina na aendako. Muuza maziwa anayepita kila alfajiri hupungiwa mkono tu. Mshindo wa kwanza wa mvua hutushtua sote, lakini baada ya dakika chache ubongo wa mtoto umeshaujua, hausimamishi tena, na mlio ule usiobadilika unakuwa kama wimbo wa kubembeleza. Kwa mtoto wa dada yangu, askari hakumbuki sura ya mtu. Kila tone ni mgeni mpya, na kila mgeni anaonekana kashika bunduki.

Jambo hili limepimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walichunguza mabadiliko madogo ya jasho la ngozi ya mkono, ambayo huonyesha jinsi mwili ulivyoshtuka, huku watoto wakisikilizishwa sauti, wakinusishwa harufu na kuguswa kwa unyoya. Watoto ambao wazazi wao walisema hawavumilii vitu hivyo walishtuka zaidi, na kitu kilekile kiliporudiwa, mshtuko wao ulichelewa kupungua. Baadaye picha za ubongo za vijana wenye usonji (autism, hali ya ubongo inayobadilisha jinsi mtu anavyohisi na kuwasiliana) zilionyesha kwamba, kwa wale wanaosumbuliwa sana na sauti na miguso, sehemu inayoshughulikia hofu huendelea kuchangamka wakati ya wenzao imeshatulia. Kwa hiyo mtoto anaposema mvua inamuuma, mwili wake kweli umejiandaa kama mtu aliyekutana na chui.

Wapo pia watoto wa upande wa pili, ambao askari wao amesinzia. Huyu unamwita mara tano hasikii, ingawa masikio ni mazima. Anaanguka, goti linachuruzika damu, anaendelea kukimbia. Anazunguka kama pia bila kizunguzungu, anatafuna ukosi wa shati mpaka unachakaa, anagonga ukuta makusudi. Mwili wake unaomba habari zaidi. Na ili kutuchanganya kabisa, mtoto mmoja anaweza kuwa mwepesi wa kushtuka kwa masikio na mzito kwa ngozi.

Mtu wa kwanza kuyaweka haya katika nadharia moja alikuwa A. Jean Ayres wa California, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1972. Alikuwa mtaalamu wa tiba kwa shughuli, yaani wale ambao hospitalini kwetu kila mtu huwaita OT. Tangu hapo wataalamu wanabishana. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 ulikubali kwamba kuzidiwa au kutohisi vizuri ni mojawapo ya dalili za usonji, lakini haukuutambua ugumu huu, ambao kwa Kiingereza huitwa "sensory processing disorder", kama ugonjwa unaojitegemea. Chama cha madaktari wa watoto cha huko nacho kilikuwa kimeshauri mwaka 2012 kwamba daktari asiishie kumpa mtoto jina hilo peke yake. Makadirio ya Marekani ya watoto wenye ugumu huu, yaliyotokana na majibu ya wazazi, yako kati ya watoto 5 na 16 katika kila 100. Mimi mabishano ya jina hayaninyimi usingizi. Mtoto yuko chini ya godoro, jina liwepo lisiwepo.

Sasa hilo godoro. Katika miaka ya 1960 msichana wa Kimarekani, Temple Grandin, alikuwa akiteswa na hofu zisizokoma. Alikuwa na usonji, na mtu akimkumbatia alihisi kama wimbi linamfunika. Siku moja, shambani kwa shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakiingizwa katika kizimba chembamba cha kubania wakati wa kuchanjwa, kama vile wanavyotumia wafugaji wa Nakasongola na Mbarara. Aliona baadhi ya ng'ombe wakitulia wanapobanwa. Akaomba abanwe yeye. Akatulia! Baadaye alijijengea mashine yake mwenyewe ya mbao, yenye pande mbili zinazobana na mkono wa kuongozea, ili mkandamizo uanze na kukoma atakapo yeye. Grandin akawa profesa wa sayansi ya wanyama.

Tofauti iko katika aina ya mguso. Mguso mwepesi, kama wa nzi au lebo ya shati shingoni, ni habari ya hatari, nao huamsha. Mkandamizo mzito unaoenea hufika pia kwenye mlango wa saba, na wengi hutulia nao. Bibi zetu walijua bila kusoma: mtoto akisumbua, mfunge kanga mgongoni, kaza fundo, endelea kupalilia. Mpwa wetu alipozidi umri wa kubebwa alijitafutia kanga nyingine, yenye sponji ndani, uzito wa ndugu wawili juu yake, na isitoshe inayopunguza kelele. Kusema kweli, kati ya watu wote kambini, yeye ndiye aliyekuwa na jibu la maana.

Wataalamu wa OT wanasema kazi nzito za mwili hufanya vilevile: kusukuma, kuvuta, kubeba, kutwanga, kutafuna kitu kigumu. Huko ng'ambo wazazi hununua blanketi zenye shanga za uzito na vifaa vya kuning'inia. Sisi tuna jerikani la lita tano, kinu cha karanga, unga wa chapati wa kukanda, na muwa. Dada yangu alianza kumtuma mtoto bombani dakika chache kabla ya mambo yanayomshinda, kama vile kuoga au kwenda kanisani penye vipaza sauti. Jerikani dogo, nusu maji, safari mbili. Lisiwe adhabu, wala mzigo wa kumlemaza mgongo.

Lakini tusidanganyane. Jaribio la Uingereza la mwaka 2014 lililohusu watoto 67 wenye usonji lilionyesha kwamba blanketi nzito hazikuwaongezea usingizi, ingawa watoto na wazazi walizipenda kuliko za kawaida. Jaribio kubwa zaidi, la watoto 138 wa Wales na Uingereza, lililotangazwa mwaka 2022, lililinganisha tiba ya mtindo wa Ayres, yaani michezo ya kuzoesha milango hii, na huduma za kawaida, na kwa ujumla tiba hiyo haikuonekana kuleta nafuu ya ziada katika tabia za watoto. Kwa hiyo mtu akikutoza mamilioni akiahidi "kuupanga upya ubongo" wa mwanao, funga pochi. Kilichobaki ni kumtazama mtoto wako mwenyewe. Kinachomtuliza, kiendelee, kisichomtuliza, kiachwe, hata kama mtoto wa jirani kilimfaa.

Kutazama kwenyewe kuna namna yake. Dada alichukua daftari kuukuu akaandika kwa wiki tatu: saa ngapi, wapi, kabla yake kulitokea nini. Ndipo tulipogundua kwamba vurugu za Jumamosi hazikuwa ukaidi. Jumamosi ni siku ya kunyolewa. Mashine ya kunyoa ina mlio, ina mtetemo, nywele zilizokatwa zinachoma shingo, na kinyozi mwenyewe ananukia manukato: milango mitatu inapigwa kwa pamoja. Sasa ananyolewa nyumbani kwa mkasi, kichwa kikiwa kimekandamizwa kwanza kwa viganja viwili, na mama anahesabu kwa sauti hadi kumi kisha anapumzika. Kichwa hutoka na mabaka. Koplo analalamika kwamba mwanawe anafanana na shamba lililoliwa na mbuzi, lakini halii tena, yaani mtoto.

Sare ya shule ilifuliwa mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, lebo zikafumuliwa kwa wembe. Kwenye chakula tatizo lilikuwa matoke, ambayo humtapisha kwa ulaini wake wala si kwa ladha. Ndizi ileile ikichomwa makaani anaila. Asingebadilishiwa, tungeendelea kumwita mchaguzi.

Kabla ya kusema mlango fulani una kasoro ya askari, hakikisha mlango wenyewe ni mzima. Asiyeitika apimwe masikio, kwa maana usaha wa muda mrefu huharibu usikivu. Anayeduwaa ghafla na kukodoa macho huenda ana kifafa. Anayekula udongo apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma mara nyingi huendana na hamu hiyo. Na kama mtoto hazungumzi kulingana na umri wake au aliacha maneno aliyokuwa nayo, usingoje akue. Wataalamu wa OT wapo Mulago, hospitali kuu ya Kampala, ambako pia hufundishwa, wapo Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, na wapo katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa. Walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu wanafundishwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Shule yenye mmoja wao ina bahati.

Kuhusu lile shauri la jirani wa tatu: tangu marekebisho ya sheria ya watoto ya mwaka 2016, kumchapa mwanafunzi shuleni ni kosa Uganda. Ila hata bila sheria, fimbo hapa haina kazi. Inaongeza mguso mwingine mkali kwa mtoto ambaye tayari amezidiwa na miguso, na mwili unaohisi hatari haujifunzi kitu isipokuwa kukimbia.

Shuleni shida kubwa ilikuwa kengele. Ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo, nayo haitoi taarifa. Mtoto alikaa darasani asubuhi nzima akiisubiri, hasikii mwalimu anasema nini. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye subira, alijaribu kumkalisha mbali na dirisha. Haikusaidia. Kisha akajaribu jambo ambalo mimi niliona ni wazimu: akampa yeye nondo.

Ubongo una tabia ya kubashiri matokeo ya vitendo vyetu wenyewe na kuyapunguza makali kabla hayajafika. Ndiyo maana huwezi kujitekenya. Sauti unayoitoa kwa mkono wako askari anaijua kabla haijafika getini, anajua itaanza lini na itakoma lini. Siku ya kwanza mtoto aligonga mara moja, akaiachia nondo ikaanguka, akakimbia. Siku ya nne akagonga zote. Mvua bado anaikimbilia godoro, maana mvua haina nondo. Lakini kengele ya shule ni yake, na lalamiko lililobaki kwa mwalimu mkuu ni kwamba anaigonga kwa nguvu mno.